Kiti cha Rodney

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika sherehe za Maulidi mjini Mombasa, karani mmoja wa chuo cha MIOME alisimama kuhutubia. Alikuwa bado hajatimiza miaka 20. Mtihani wa Cambridge alikuwa ameupata kwa daraja la tatu, Makerere wakamkatalia, na kwa hesabu za siku zile elimu yake ilikuwa imefika ukingoni: angebaki kushughulika na mafaili ya wakubwa mpaka astaafu. Miongoni mwa wageni alikuwemo gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Kijana alisema, gavana akasikiliza, na matunda ya siku ile yakawa udhamini wa kwenda kusoma Uingereza. Karani huyo ni Ali Mazrui. Tangu hapo hakuacha kusema.

Nimeanzia huko makusudi. Wanaosimulia ubishi wa mrengo wa kushoto na wa kulia Afrika Mashariki huanza na vitabu vya Marx au Azimio la Arusha, kana kwamba ubishi wenyewe ulishushwa bandarini pamoja na shehena. Mazrui alikulia ndani yake. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na humo akawasema Waislamu wenzake wa pwani bila kuwaonea haya. Nyuma zaidi, katika karne ya 19, ukoo wa Mazrui ulipokuwa ukiitawala Mombasa, Muyaka bin Haji alikuwa akiwatupia mashairi watu wa Lamu, nao wakimrudishia. Malumbano yale yalikuwa na sharti moja gumu: anayejibu ayashike mashairi ya mwenziwe, mizani kwa mizani, hoja kwa hoja. Kejeli ziliruhusiwa, tena kali. Lakini hukuweza kumkejeli mtu ambaye hukumsikiliza mpaka ubeti wa mwisho.

Majina haya, kushoto na kulia, nayo yalizaliwa ukumbini. Mwaka 1789 wajumbe wa Bunge la Ufaransa walipogawanyika juu ya haki ya mfalme kuzuia sheria, waliotaka mfalme abaki na nguvu walikusanyika mkono wa kulia wa mwenyekiti, na waliompinga wakakaa mkono wa kushoto. Yalikuwa majina ya viti tu. Kabla hujaitwa wa kushoto ilibidi uwe umeingia, umeketi, na unamwona wa kulia kwa macho yako.

Wa kushoto wa hadithi hii alitoka mbali. Huko Georgetown, Guyana, mwaka 1942, fundi cherehani mmoja na mkewe, naye mshonaji, walipata mtoto wakamwita Walter. Walter Rodney alishinda nafasi ya kusoma Queen's College, shule bora ya koloni lile, na humo akawa bingwa wa midahalo. Mwaka 1966, akiwa na miaka 24, alipata udaktari wa historia London, kwa utafiti juu ya pwani ya Guinea na biashara ya watumwa. Akaja kufundisha Dar es Salaam. Januari 1968 akahamia Jamaika, lakini Oktoba mwaka huohuo, aliporudi kutoka mkutano Montreal, serikali ya Jamaika ikamzuia kushuka kwenye ndege, na mitaa ya Kingston ikawaka. Mwaka 1969 alikuwa amerudi Dar.

Dar aliyoirudia ilikuwa imechemka. Azimio la Arusha, la kujenga ujamaa, lilikuwa limetangazwa Februari 1967, mabenki yakataifishwa, na Mlimani, kwenye chuo kikuu, kikazaliwa chama cha wanafunzi kilichojulikana kwa kifupi USARF, mwenyekiti wake kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Jumapili, wenzao wakienda kanisani au wakiendelea kulala, hawa walikusanyika kwa darasa la itikadi. Kulikuwa na desturi iliyorithiwa kutoka vyuo vya Uingereza, ambapo wanafunzi huvaa matambara siku moja kwa mwaka na kuzunguka mjini wakichangisha fedha za maskini. Mwaka 1968 USARF waliona kuwa kuvaa umaskini kama vazi la kuigiza ni kuwadhihaki maskini wenyewe. Wakatoa upepo magurudumu ya magari yaliyoandaliwa kwa msafara, na sherehe ikafa. Wengine waliona ni utemi tu. Mimi naona walikuwa na hoja, ingawa hoja inayopitia kwenye valvu ya gurudumu huwa haijibiki.

Lugha nayo ilikuwa imejiandaa kwa vita. Beberu, dume la mbuzi ambalo harufu yake hulitangulia, lilishakuwa jina la dola za kikoloni. Kupe alitoka mgongoni mwa ng'ombe akahamia ofisini. Mnyonyaji alichorwa akiwa na mirija, na wananchi wakaambiwa mirija ikatwe. Bepari, neno lililokuja na Wagujarati likiwa na maana ya mfanyabiashara basi, liliharibika kiasi kwamba Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice, mwaka 1969, aliipa jina Mabepari wa Venisi, na msomaji akaingia dukani akijua tayari nani wa kumchukia. Upande wa pili ulikuwa fukara wa matusi. Sikumbuki tusi moja la Kiswahili dhidi ya wakomunisti lililowahi kushika mizizi mitaani. Walichokuwa nacho wa kulia ni mzaha, na katika mzaha hakuna aliyemshinda yule karani wa Mombasa.

Naye kufikia hapo hakuwa karani. Alikuwa amepitia Manchester, Columbia na Oxford, na tangu 1965 alikuwa profesa wa siasa katika Makerere ileile iliyomkataa. Jukwaa lake lilikuwa gazeti la Transition, lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, kijana wa Kihindi mzaliwa wa mji huohuo. Wengi walilifungua gazeti hilo kwa nyuma, kwenye barua za wasomaji, maana huko ndiko makala ya toleo lililopita ilikochinjwa na kuchunwa.

Mwaka 1966, mara baada ya Kwame Nkrumah kupinduliwa, Mazrui aliandika humo kwamba kiongozi huyo alikuwa ametaka kuwa Lenin wa Afrika huku akijiendesha kama mfalme wa Urusi nyumbani kwake Ghana. Fikiria namna maneno hayo yalivyopokewa Mlimani, ambako ukumbi mkuu ulikuja kupewa jina la Nkrumah. Mwaka uliofuata akawageukia Wazungu walioipenda Tanzania kupita kiasi. Akayabunia mahaba hayo jina, akayachambua kama daktari anayeeleza homa: kwa nini wasomi wa Ulaya na Marekani, watu wa kuhoji kila kitu kwao, wakifika Dar huacha akili uwanja wa ndege? Ndani ya makala hiyohiyo alimsifu Nyerere kwa usomi wake. Hapo ndipo alipowakera zaidi wapinzani wake, kwa kuwa mtu anayekusifu kwa mkono mmoja na kukupiga kwa mwingine ni vigumu kumwita adui.

Wakamwita kibaraka. Na lazima niseme, hawakuwa wamezua kila kitu. Mwaka 1967 ilifichuka kwamba shirika la utamaduni lililokuwa likiisaidia Transition kwa fedha lilikuwa likipata fedha zake kutoka shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Neogy alisema hakujua, na sioni sababu ya kutomwamini. Lakini wale waliokuwa wakisema kwa miaka kwamba gazeti lile linanuka beberu walipata siku yao ya kucheka.

Walioifunga milango ya gazeti, hata hivyo, hawakuwa wanafunzi wa Marx. Transition ilikuwa imechapisha barua ya mbunge Abu Mayanja, aliyeyakosoa mapendekezo ya katiba ya serikali ya Uganda chini ya Milton Obote na kuhoji kwa nini majaji Waafrika hawateuliwi. Oktoba 1968 polisi wakamkamata Mayanja, na Neogy pia. Mapema 1969 mahakama ikawaona hawana hatia ya uchochezi, na bado hawakuachiwa kwenda nyumbani kama watu walioshinda kesi. Neogy alitoka Machi mwaka huo, na hakuwa mtu yuleyule. Baadaye gazeti lilihamia Accra.

Kampala ya wakati huo ilikuwa na mambo yake ya ajabu. Akena Adoko, mkuu wa idara ya usalama wa Obote, mtu ambaye wengine walimwogopa hata kwa jina, alikubali kusimama jukwaani na Mazrui katika ukumbi wa mji kubishana juu ya wajibu wa wasomi katika mapinduzi ya Afrika. Watu wakajaa. Mkuu wa majasusi akitafuta makofi ya umma dhidi ya profesa! Alikuwa na njia nyepesi zaidi za kumjibu, na kila aliyekaa ukumbini alizijua.

Dar nako serikali ilishika kalamu kwanza. Desemba 1969 vijana wa Afrika Mashariki na ya Kati walikutana mjini humo kwa semina chini ya Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala. Rodney akatoa mada juu ya itikadi ya mapinduzi ya Afrika. Aliudharau uhuru uliopatikana kwa mazungumzo, akawasema watawala wapya wa Afrika kuwa tabaka lililokalia viti vya wakoloni, akasema njia ya kuwaondoa ni mapambano ya silaha. The Nationalist, gazeti la TANU, likaichapisha mada hiyo. Mhariri wake alikuwa Benjamin Mkapa.

Tarehe 13 Desemba gazeti hilohilo likatoa tahariri ambayo kichwa chake, kwa Kiswahili cha kawaida, kingekuwa porojo za kimapinduzi. Ilisema Tanzania haitakubali ardhi yake itumike kuhubiri kuangushwa kwa serikali za nchi jirani zilizo huru, na anayeendelea na mchezo huo asije akamlaumu mtu. Tahariri haikuwa na jina la mwandishi. Inaaminika sana kwamba iliandikwa na Nyerere mwenyewe. Rodney akajibu kwa barua, gazeti likaichapisha: pale alipoteleza alikiri, lakini msimamo wake juu ya ubeberu hakuubadili. Hakufukuzwa nchini wala kazini. Miaka miwili na kitu baadaye, kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka kwa ushirikiano wa wachapishaji wawili, mmoja wa London na mwingine Tanzania Publishing House, shirika la umma la nchi ileile iliyomkaripia.

Ningependa kuishia hapo kwa upande wa Dar, rais akipigana na mhadhiri kwa wino na wote wakibaki mezani. Lakini Mlimani kulikuwa na gazeti dogo.

Lilianza Novemba 1969. Wahariri wake, akiwemo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, walikuwa wanafunzi. Kurasa zilipigwa chapa kwenye stensili, zikatolewa kwa mashine ya kudurufu, zikapangwa na kubanwa kwa pini na haohao walioziandika. Ukishika nakala ya namna hiyo leo, karatasi imegeuka rangi ya chai, herufi ya "o" imetoboka pale ufunguo wa taipu ulipogonga kwa nguvu, na pini imeacha alama ya kutu. Jina lake Cheche. Waliliazima kutoka gazeti la Lenin, na kutoka gazeti la Nkrumah lenye jina la maana hiyohiyo.

Septemba 1970 Cheche ilitoa toleo maalumu lenye makala moja ndefu ya Issa Shivji, akidai kwamba chini ya kivuli cha ujamaa kulikuwa na tabaka jipya la wakubwa wa serikali na mashirika ya umma linalokomaa kimyakimya. Hoja hiyo haikutoka kulia. Ilitoka kushoto kabisa, ndani ya nyumba, kwa watu walioliamini Azimio kuliko baadhi ya waliolipitisha. Novemba 1970 Cheche na USARF vikapigwa marufuku. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba jina lile lilifanya nchi ionekane inajenga ujamaa wa Kirusi, ilhali Tanzania ina itikadi yake. Yaani neno cheche, ambalo kila mpishi wa kuni analijua, likaonekana la kigeni! Vijana hawakukata tamaa. Umoja wa Vijana wa TANU pale Mlimani ukatoa gazeti jingine, wakaliita MajiMaji, jina ambalo hakuna ofisa angethubutu kulitafutia asili nje ya Tanzania.

Transition iliguswa na serikali iliyokuwa ikielekea kushoto. Cheche ilizimwa na serikali iliyokuwa kushoto tayari. Aliyeandikwa kulia na aliyeandikwa kushoto walijikuta foleni moja, mbele ya dirisha lililofungwa.

Mwaka huohuo wa 1970 Rodney na Mazrui walikutana uso kwa uso Makerere. Uganda ilikuwa katikati ya kile Obote alichokiita safari ya kwenda kushoto. Oktoba 1969 ulikuwa umetoka Mkataba wa Mtu wa Kawaida, Desemba Obote akapigwa risasi Lugogo akanusurika, na Mei Mosi 1970, pale Nakivubo, akatangaza kwamba dola itachukua asilimia 60 ya makampuni makubwa. Kwa hiyo mgeni kutoka Dar ndiye aliyekuja na upepo wa watawala mgongoni, na mwenyeji ndiye aliyebisha dhidi ya mkondo.

Rodney alikuwa na miaka 28. Hoja yake ilikuwa ile ambayo kitabu kingeijaza kurasa: umaskini wa Afrika ulitengenezwa, una tarehe na una mikataba, na utajiri wa Ulaya ni upande wa pili wa sarafu hiyo. Mazrui hakuukana ukoloni. Alichokataa ni kuupa ukoloni kazi ya kueleza kila kitu. Watawala wa Kiafrika wana mikono yao wenyewe, alisema katika maandishi yake ya miaka ile, na utamaduni una nguvu zake ambazo hesabu za viwanda haziziingizi daftarini. Tena alipenda kuwakumbusha Wamarx wa Kiafrika kwamba babu yao naye ni Mzungu, na kwamba kuitegemea London kwa fedha na kuitegemea maktaba ya London kwa fikra ni aina mbili za utegemezi uleule.

Walikuwa wapiganaji wa mitindo tofauti. Mazrui alizungusha sentensi mpaka ikageuka na kujiuma mkia, kisha akatabasamu. Rodney alirundika ushahidi. Ukisoma maandishi yao ya miaka ile, unaona kila mmoja anaijua hoja ya mwenziwe kiasi cha kuweza kuisema vizuri kabla ya kuipiga. Ndiyo adabu yenyewe, na wala haina uhusiano na upole wa sauti. Muyaka angewatambua wote wawili.

Kitu kimoja kinaniudhi. Ubishi wote huo, kuanzia Transition hadi Makerere, ulikwenda kwa Kiingereza. Kabwela aliyekuwa akigombewa na pande zote mbili alibaki nje, akisikia makofi kupitia dirishani.

Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote, na Makerere ikawa mahali pa kuhesabu nani hajaonekana leo. Mazrui aliondoka 1973. Rodney aliondoka Dar 1974, kwa hiari yake, kurudi kwao Guyana. Nyuma yao Mlimani iliendelea kubishana, lakini sasa kushoto kwa kushoto, na hapo maneno yakachacha. Shivji alitoa kitabu chake cha mapambano ya kitabaka Tanzania mwaka 1976, Mahmood Mamdani akatoa cha Uganda mwaka huohuo, na Dani Nabudere akaja mwaka uliofuata na kitabu juu ya ubeberu, akiwaona wenzake wamepotoka tangu mlangoni. Walioufuata ugomvi huo kwenye makala zilizokusanywa na Yash Tandon mwaka 1982 wanajua: hakuna mahali popote katika mabishano na Mazrui ambapo Wamarx wa Dar walikuwa wakali kama walivyokuwa wenyewe kwa wenyewe. Mpinzani wa mbali unaweza kumcheka. Ndugu aliyeachana nawe kwenye aya moja ya Lenin anakunyima usingizi.

Mazrui naye hakubaki mtu wa tabasamu siku zote. Mwaka 1991 Transition ilipofufuliwa Marekani, alijikuta kwenye kurasa zake akirushiana maneno na mwandishi wa Nigeria, Wole Soyinka, juu ya vipindi vyake vya televisheni kuhusu urithi wa aina tatu wa Afrika. Mwishoni mwa muongo, baada ya msomi wa Marekani, Henry Louis Gates, kutoa vipindi vyake mwenyewe juu ya Afrika mwaka 1999, ugomvi wa Mazrui na Soyinka ukarudi, safari hii kwa barua pepe zilizosambazwa mabara yote kwa usiku mmoja. Hawa wawili hawakutenganishwa na kushoto wala kulia. Lakini jibu lilifika kabla hasira haijapoa, na hasira ikajibu kwa niaba ya mwenyewe. Ukilinganisha na Makerere unasikitika kidogo.

Rodney hakuyaona hayo. Alipofika Guyana mwaka 1974, kazi ya uprofesa aliyokuwa ameahidiwa chuoni ilizuiwa. Hakuondoka. Aliandika, akahutubia mitaani, akajiunga na chama cha Working People's Alliance, kilichowakusanya watu weusi na Wahindi dhidi ya serikali ya Forbes Burnham, mtu aliyejiita msoshalisti. Usiku wa tarehe 13 Juni 1980, akiwa ndani ya gari mjini Georgetown, redio ya mawasiliano aliyokabidhiwa ililipuka mapajani mwake. Alikuwa na miaka 38. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake mwaka 2016 iliona kwamba dola ilihusika.

Chuo Kikuu cha Guyana, kile kilichomkosesha kazi akiwa hai, kilikuja kuanzisha kiti cha uprofesa chenye jina lake. Mwaka wa masomo wa 1997/98 kiti hicho kilikaliwa na mzee wa miaka 64, mwenye Kiingereza cha Oxford na asili ya Mombasa. Ali Mazrui akaandikwa kwenye orodha ya chuo kama Profesa wa Walter Rodney.